Kishimo cha Saba

Nchi yetu inaitwa Jozi. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa sababu ramani zote zilizochapishwa duniani zinatuonyesha tukiwa na majirani watatu, na serikali yetu imekataa kutambua ramani yoyote mpaka jirani mmoja apunguzwe au mwingine aongezwe. Kwa hiyo usijisumbue. Inatosha ujue kwamba tupo, tunaishi kwa amani, na kwamba haya nitakayoyasimulia hayafanani hata kidogo na ya nchi yako.

Tuna vyama viwili, Chama cha Mwiko na Chama cha Upawa. Mwiko wakitawala, Upawa wanapinga; Upawa wakitawala, Mwiko wanapinga. Wageni wasiojua kitu husema vyama hivi ni kimoja, jambo ambalo linatuudhi sana. Tofauti ni kubwa mno. Mwiko wanaamini kwamba nchi lazima isongwe, na Upawa wanaamini kwamba nchi lazima ipakuliwe. Kuhusu chungu hawajawahi kugombana.

Mtoto akizaliwa hospitali ya kulia ni Mwiko, akizaliwa ya kushoto ni Upawa. Mimi, Mwalimu Kapilima, ni Mwiko wa damu, kwa sababu siku mama aliposhikwa na uchungu hospitali ya kushoto ilikuwa imeishiwa maji.

Ili pasiwe na upendeleo, tuna Sheria ya Ulinganifu, inayosema kwamba kila kitu katika Jozi lazima kigawanyike sawasawa kwa vyama viwili. Nilifundisha hesabu miaka mingi, nasi tulianza na mbili, tukaenda nne, tukaenda sita. Moja, tatu na tano tulizifundisha kwa wanafunzi wakubwa tu, madirisha yakiwa yamefungwa, na wazazi wakiwa wametia saini.

* * *

Jirani yangu, Bi. Asteria Kombo, ni mjane, na kazi yake ni kukaanga vitumbua. Nikivisifu sana mtasema nina langu, na kweli ninalo. Vilikuwa na iliki ya kutosha, nazi ya kutosha, pembeni vinakauka kidogo na ndani vinabaki laini. Kwa vitumbua hivyo alisomesha watoto wake, na kwa vitumbua hivyo mimi nilikuwa na sababu ya kuamka.

Alivikaanga kwenye chuma alichorithi kwa mama yake. Chuma chenyewe mnakijua: cha duara, kizito, chenye vishimo sita kwa kuzunguka na kimoja katikati. Miaka yote hakuna aliyewahi kuvihesabu. Watu walikuwa wanakula.

Asubuhi moja akaja Bwana Tindwa, Afisa Ulinganifu wa kata, akiwa na askari wake wawili, mmoja wa kila upande.

"Karibu, baba," Bi. Asteria akasema. "Nikufungie?"

"Sikuja kula, mama. Nimekuja kuhesabu."

Akainama, akatoa kalamu, akaanza kunyooshea vishimo kimoja kimoja. Nilimwona uso ukimbadilika.

"Mama, hivi vitatu ni vya Mwiko. Hivi vitatu ni vya Upawa. Hiki cha katikati ni cha nani?"

"Cha atakayekinunua."

"Nauliza kiko upande gani."

"Kiko kwenye mafuta, baba, na kinaungua. Hebu nipishe."

Hilo neno "nipishe" lilisomwa baadaye kwenye mashtaka kama jaribio la kuiondoa serikali. Chuma kikachukuliwa kikiwa bado cha moto. Askari wa Mwiko alishika huku na askari wa Upawa akashika kule, wote wakaungua sawasawa, na kikapelekwa kwenye Bohari la Vitu Visivyo na Upande. Humo mna vigoda vya miguu mitatu, mna mafiga, na mna mbuzi mmoja aliyezaa watoto watatu kwa mpigo na mpaka leo anasubiri kusikilizwa.

Bi. Asteria alijaribu kukaanga kwa sufuria ya kawaida. Uji ukatandaa wote, kikatoka kitu kama godoro. Wateja walikionja kwa heshima, kisha wakakumbuka wana haraka.

Akaenda ofisi ya Mwiko, wenye serikali.

"Mama, usiwe na wasiwasi," wakamwambia. "Tukishinda uchaguzi tutakurudishia."

"Kwani hamjashinda?"

"Tukishinda tena."

Akaenda Upawa. Upawa walimpa kiti, wakampa soda, wakalia naye. Wakamwambia kwamba kitendo alichofanyiwa ni cha kinyama, na kwamba wao wakishinda, chuma chake kitakuwa chuma cha kwanza nchini kuundiwa kamati. Bi. Asteria akaiacha soda mezani, akarudi nyumbani kwa miguu.

"Mwalimu," akaniambia kwenye ua, "nagombea urais."

"Wa nini, Bi. Asteria?"

"Wa kukitoa chuma changu."

* * *

Chama chake alikiita Chama cha Niacheni. Ilani yake ilikuwa sentensi moja, akaiandika kwa mkaa ukutani: Rudisheni chuma changu, na kila mtu mumwachie chake.

Waandishi wa habari wakaja. Redio yetu, Sauti ya Pande Zote, ilimtuma mwandishi wa Mwiko aulize maswali na wa Upawa agunegune.

"Bi. Asteria, sera yako ya uvuvi ni ipi?"

"Wavuvi wavue."

"Mm," akaguna wa Upawa.

"Na kilimo?"

"Wakulima walime. Mvua naona huwa haiombi kibali."

"Sasa serikali yako itafanya nini?"

"Itawashika wezi, itanirudishia chuma changu, halafu ikapumzike. Imechoka, masikini. Mnaiona ilivyonenepa?"

Watu wenye elimu waliingiwa na hofu kubwa. Ikiwa serikali itapumzika, waliuliza magazetini, nani atakayetuzuia? Mhadhiri mmoja aliandika kwamba mwananchi aliyeachiwa ni hatari kwanza kwake mwenyewe, kwa kuwa anaweza kujikuta amefanya jambo. Lakini mtaani, huku chini, watu walianza kuicheka ile sentensi ya mkaa kwa namna nyingine, kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu chake kilichokwenda bohari.

Tatizo likawa usajili. Nilimsindikiza Tume ya Uchaguzi, kwa Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Profesa Dakta Makwaya, mtu mwenye simu mbili mezani kwake ili zipigiane.

"Mama, tunakukaribisha sana," akasema Profesa. "Demokrasia yetu iko wazi. Chama chochote kinasajiliwa, almuradi kiwe kilipata kura za kutosha uchaguzi uliopita."

"Uchaguzi uliopita sikuwa na chama."

"Hapo ndipo ulipokosea."

"Na ujao?"

"Ujao utakuwa hukugombea huu. Lakini usikate tamaa, mama. Sheria haibagui."

Bi. Asteria alikaa pale akimtazama. Mimi nilikwisha kuinuka. Yeye akasema, "Profesa, mkiniandika tutakuwa wagombea watatu. Naona hiyo ndiyo inayowatisha."

Profesa akatazama mlango kama umefungwa. "Neno hilo hatulitumii humu ndani, mama."

"Je, tukiwa wanne?"

Nilimwona Profesa akigawanya kichwani. Wanne kwa wawili. Uso wake ukalainika. Akili iliyosoma ikikutana na namba inayogawanyika huwa haina ubavu tena. Akasema kwamba, kwa busara za Tume, sharti la kura za nyuma linaweza kulegezwa kwa wagombea wanaokuja kwa jozi. Lakini huyo wa nne ni nani?

Wote wawili wakanigeukia mimi.

Hivi ndivyo nilivyogombea urais wa nchi yangu. Chama changu kiliitwa Chama cha Kukamilisha Idadi, na ilani yangu, niliyoiandika papo hapo, ilikuwa kwamba sina la kuongeza. Mke wangu alipopata habari aliniuliza kama nina homa.

* * *

Sasa kiongozi wa Niacheni ana shida ambayo wa Mwiko hana. Wafuasi wa Mwiko ukiwaambia njooni, wanakuja. Wafuasi wa Bi. Asteria walikuwa watu waliochoka kuambiwa njooni.

Aliitisha mkutano wa kwanza wa hadhara uwanja wa shule. Hakuja mtu. Akadhani amekataliwa, akashinda na huzuni mpaka jioni, ndipo wakaanza kupita mmoja mmoja kumpongeza. Kumbe walikuwa wamekubaliana kwamba kumlazimisha mtu asafiri mpaka uwanjani ni uonevu, kwa hiyo kila mmoja alifanya mkutano nyumbani kwake. Mahudhurio yalikuwa makubwa kuliko ya chama chochote katika historia ya Jozi. Mmoja aliniapia kwamba alijihutubia mpaka akajipigia makofi.

Wakakataa kumchagua mwenyekiti, maana angewaongoza. Wakakataa sare. Fundi viatu mmoja alikataa hata kuwa mwanachama, akasema chama kimwache, akaleta debe la mchele kisirisiri na kutishia kumpiga atakayemshukuru.

"Mwalimu," Bi. Asteria akaniambia, "hawa watu nawapenda. Lakini wananiua."

Wengine walikuwa na shida nyingine. Mzee Hamduni wa nyumba ya pili, Upawa wa kufa na kuzikwa, alikuwa akila vitumbua vile tangu enzi za mama yake Bi. Asteria. Nilimkuta barazani, akitafuna mkate mkavu kwa uchungu.

"Mzee, utamchagua Asteria?"

"Ningemchagua hata leo. Ana haki, ana akili, na vitumbua vyake, wallahi, nimeviota juzi. Lakini nikimchagua nitapoteza kura yangu."

"Ikipotea inakwenda wapi?"

"Mwiko wanaiokota. Kura ya Asteria ni kura ya Mwiko. Redio imesema."

Nikaenda mkutano wa Mwiko, na huko Mheshimiwa Chongoe, rais wetu mpendwa, alikuwa akiwaambia watu kwamba kura ya Asteria ni kura ya Upawa. Nikarudi nyumbani, nikakaa nikapiga hesabu. Ikiwa kura ya Asteria ni kura ya Mwiko, na hiyo hiyo ni kura ya Upawa, basi kura yake moja ni sawa na mbili, na kumchagua mtu mwingine yeyote ni hasara. Nilimpelekea Mzee Hamduni hesabu hiyo. Aliikagua kwa makini, akakubali ni sahihi, akasema hata hivyo yeye hawezi kupoteza kura yake.

* * *

Ukaja mdahalo wa wagombea. Jukwaani palikuwa na viti viwili na vipaza sauti viwili, kwa sababu jukwaa lilijengwa kwa sheria. Bi. Asteria na mimi tulipewa nafasi ya heshima jikoni, pamoja na wapishi wa hafla, na tukaruhusiwa kujibu maswali yoyote tutakayoulizwa humo.

Mheshimiwa Chongoe alianza. "Ndugu wananchi! Tulikotoka ni mbali, tuendako ni mbali zaidi, na hapa tulipo ni katikati. Na katikati hapafai kukaliwa!"

Makofi upande wa kulia. Akainuka Mheshimiwa Mbaruku wa Upawa, ambaye ni shemeji yake, akamtazama kwa chuki.

"Ndugu wananchi! Mwenzangu anawadanganya! Tuendako ni mbali, ndiyo, lakini tulikotoka ndiko mbali zaidi!"

Makofi upande wa kushoto. Walibishana hivyo mpaka mwongoza mdahalo, kwa bahati mbaya, akamwuliza mpishi mkuu chakula kiko tayari saa ngapi, mlango wa jikoni ukafunguliwa, na Bi. Asteria akatokea na aproni aliyoazimwa.

"Chakula kiko tayari," akasema kwa sauti ya sokoni, isiyohitaji kipaza. "Swali langu ni moja tu. Chuma changu kimemkosea nini nani?"

Halafu akacheka mtu mmoja nyuma kabisa, akafuata mwingine, wa kulia na wa kushoto wakacheka pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea na ambalo polisi hawakuwa na mafunzo nalo. Waheshimiwa wawili wakatazamana, na kwa mara ya kwanza niliona hofu ya kweli usoni mwao. Usiku huo mashemeji walikula meza moja.

Asubuhi Mwiko wakatangaza: chuma cha Bi. Asteria kitarudishwa. Saa ile ile Upawa wakatangaza: chuma cha Bi. Asteria kitarudishwa. Zikachapwa kanga zenye picha ya chuma, za rangi zote mbili. Mtaa mzima ukamiminika kwake kumpa hongera.

"Umeshinda, mama! Wote wamekubali!"

"Kwa hiyo mtanichagua?"

Wakamshangaa. "Tukuchague wa nini tena? Si kitarudi?"

* * *

Kura za Jozi hupigwa kwa foleni, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Tume ilichora mistari miwili ya chokaa uwanja wa shule. Bi. Asteria alipewa sehemu isiyozuia watu, karibu na choo, na mimi nikawekwa upande wa pili wa choo hicho, ili tulingane.

Niliwaona waliompenda. Walisimama pembeni kwa muda mrefu wakiangaliana, kila mmoja akisubiri mwenzake atangulie. Yule fundi viatu alisema foleni ni utumwa, akarudi kushona. Mzee Hamduni alipiga hatua kuelekea kwake, akageuka nyuma, akaona hakuna anayemfuata, akajifanya anakwenda chooni. Alipotoka alikwenda kwenye mstari wake wa siku zote, kichwa chini. Mke wangu mwenyewe alinipungia mkono kutoka foleni ya Upawa.

Bi. Asteria akasimama peke yake, akajipigia kura moja. Mimi sheria ilinilazimu nijipigie yangu. Jua likatuchoma sawasawa.

Profesa Makwaya alipotangaza matokeo alieleza kwamba kura moja haina mgawanyo, lakini kwa bahati njema zilikuwa kura mbili, moja ya mama na moja ya mwalimu. Tume ikazijumlisha, ikazigawa kwa haki: moja ikaenda Mwiko, nyingine ikaenda Upawa.

"Mwalimu," Bi. Asteria akaninong'oneza, "hata ile yangu mimi mwenyewe?"

"Hata ile."

"Nimempigia nani?"

"Hawajasema."

Akacheka mpaka akakaa chini, akacheka akishika mbavu, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Nami niliumia moyo kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mtu aliyeingia siasa kwa ajili ya kifungua kinywa. Mshindi, ukitaka kujua, alikuwa Mwiko. Au Upawa. Nisamehe, sikusikiliza.

* * *

Na ahadi ilitimizwa. Lazima niseme hilo, maana wapo wanaodai wanasiasa wetu hawatimizi ahadi. Siku ya sherehe kulikuwa na bendi mbili zikipiga nyimbo mbili kwa pamoja. Mheshimiwa Chongoe alimkabidhi Bi. Asteria chuma chake. Mheshimiwa Mbaruku naye akamkabidhi Bi. Asteria chuma chake.

Kila mmoja alimpa nusu.

Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, kwa ustadi mkubwa, katikati kabisa. Vishimo vitatu vya Mwiko, vitatu vya Upawa, na kile cha katikati kimepasuliwa kikawa vikombe viwili visivyoweza kushika kitu. Watu wakapiga makofi. Bi. Asteria aliweka nusu moja kwapa la kulia na nyingine la kushoto, hakusema ahsante, akaondoka.

Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea.

"Mama Asteria," fundi akasema, akirudi nyuma, "geti nitakuchomelea. Dirisha nitakuchomelea. Hii siwezi. Nusu ya Mwiko na nusu ya Upawa, niziunganishe mimi? Mimi nina watoto."

Kesho yake alfajiri akawasha moto, akaziweka zile nusu mbili pamoja, akamimina mafuta. Mafuta yakapita kwenye ufa, moto ukalipuka. Akamimina tena, yakapita tena. Hakutukana, alimimina tu, na mimi nilisimama uani nikitazama mafuta mazuri yakiungua bure.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Mzee Hamduni. Alikuja mbio na kanzu ya kulalia, akanyakua koleo la mkaa.

"Hii ni mali ya chama changu!" akafoka, akaibana nusu ya Upawa. "Wewe Kapilima, unashangaa nini? Shika yenu!"

Nikaleta koleo langu, nikaibana nusu ya Mwiko. Tukasukumana kwa nguvu zote, yeye kule na mimi huku, kwa hasira ya miaka yote tuliyoishi mtaa mmoja. Ufa ukafunga. Bi. Asteria akamimina mafuta, yakatulia. Akamimina uji kwenye vishimo vyote, mpaka kile cha katikati, na kile cha katikati kikaanza kuumuka.

Bwana Tindwa alifika na askari wake. Akachungulia huku na kule akitafuta kosa, na hakuliona, kwa sababu hapakuwa na kitu kilichounganishwa. Palikuwa na wananchi wawili, kila mmoja akitetea mali ya chama chake. Akaamua kusubiri aone mwisho wake. Akaomba na kiti.

Nyuma yake watu walikuwa wakijipanga bila kuambiwa na mtu, sahani mkononi, mpaka na fundi viatu. Moshi ulituingia machoni. Mzee Hamduni, jasho likimtiririka, akaanza kuniambia kwamba uchaguzi ule tuliwaibia. Nikafungua mdomo nimjibu kwamba wao ndio wezi, na mkono wangu ukalegea kidogo.

"Msiachie!" akapiga kelele mgombea wa Chama cha Niacheni. "Jamani, nawaombeni, msiachie!"

Tukafunga midomo, tukabana. Kile cha katikati kilikuwa bado kibichi.